Kuku wa keji wakifika uani: matatizo yanayojirudia na namna ya kuyatatua

Kuku wa mayai wa kisasa huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20. Akifika wiki 72 hadi 80 mtago unapungua, chakula anachokula hakilipi tena, na mwenye shamba anamuuza ili kupisha kundi jipya. Wengi huishia kwa wauza supu. Wachache hununuliwa na watu wenye ua na roho ya huruma, wanaotaka kuwatoa kwenye keji (vile vizimba vya waya) wakaishi chini, wapate jua, watage kidogo kidogo. Mwongozo huu ni wa watu hao.

Kuku huyu si mzee. Mwili wake umekamuliwa. Ganda la yai moja hubeba gramu 2 hivi za kalsiamu, na kwa mwaka yeye hutaga karibu mayai 300. Kalsiamu isipotosha kwenye chakula, huichota mifupani mwake. Tena hajawahi kukanyaga udongo, kupanda fito, kuoga vumbi wala kumwona jogoo. Kwa hiyo matatizo mengi ya wiki za mwanzo si magonjwa, na ile desturi ya kukimbilia antibiotiki ya unga kila kuku anapojikunyata huwaumiza zaidi. Anza na maji, chakula, kivuli na utulivu, halafu chunguza.

Kama una kuku wengine, watenge wageni kwa wiki tatu, wawe na vyombo vyao, na uwahudumie wa mwisho. Wa keji wanaweza kuwa na mafua yasiyoonekana, na wa kienyeji wanaweza kuwa na minyoo na viroboto ambavyo wageni hawajawahi kukutana navyo. Muulize muuzaji chanjo ya mwisho ilikuwa lini na ya ugonjwa gani, uandike.

Amesimama tu, hanywi wala hali

Sababu inayoongoza ni kwamba hajakitambua chombo. Kule alikotoka maji hutoka kwenye chuchu ya bomba anayoidonoa, na chakula hupita kwenye mfereji mbele ya kifua chake. Beseni lililowekwa chini hajui ni la nini. Mshike taratibu, chovya ncha ya mdomo majini bila kufunika matundu ya pua, subiri ameze, rudia mara mbili tatu. Wakijua wawili, wengine wataiga. Weka vyombo zaidi ya kimoja, mbalimbali, maana mnyonge hufukuzwa kwenye kile cha kwanza. Usimmiminie maji kooni hata kama unamwonea huruma: yakienda mapafuni atakufa mikononi mwako.

Sababu ya pili ni chakula kigeni. Amelelewa kwa chakula cha unga cha kuku wa mayai. Ukimwagia makombo ya ugali na punje za mahindi atavitazama tu. Mnunulie kile kile alichokuwa akila, angalau kwa wiki mbili za mwanzo, kisha badilisha polepole. Waliokatwa ncha ya mdomo shambani hupata shida kuokota punje kwenye sakafu ngumu, kwa hiyo tumia chombo chenye kina ili achote.

Kisha kuna joto, hasa kwa waliosafirishwa mchana kwenye tenga. Kuku hatoki jasho. Akizidiwa huhema mdomo wazi na kuweka mabawa mbali na mwili. Mpeleke kivulini penye upepo, lowesha miguu na upanga (kile kinyama chekundu cha kichwani) kwa maji ya kawaida, mpe maji ya kunywa. Kama inawezekana, wachukue usiku au alfajiri, hasa miji ya pwani.

Mwisho kagua gole, kile kifuko cha chakula chini ya shingo. Jioni linatakiwa kujaa, na asubuhi kabla ya kula liwe limenywea. Likibaki gumu au kujaa maji yanayonuka asubuhi mbili mfululizo, chakula kimekwama.

*Acha, mwite mtaalamu:* kama zimepita saa 24 hajanywa chochote, gole limekwama, au shingo imelegea hawezi kuinua kichwa.

Hapandi fito, hatoki bandani, hajui kulala

Hili halihitaji dawa. Misuli yake haina nguvu na hajafundishwa. Fungua mlango uache atoke mwenyewe; wengine huchukua siku kadhaa kuvuka kizingiti. Usimtupe nje. Weka fito chini, kimo cha sentimita 20 hadi 30, nene kiasi cha kukanyagwa kwa unyayo mzima, na maranda mengi chini yake. Fito za juu wanazopanda kuku wa kienyeji zitamvunja kidari wakati wa kushuka. Giza likiingia mhesabu na mwingize bandani, kwa sababu atalala popote jua lilipomkutia, na vicheche na paka shume hawana huruma.

Miguu haimbebi

Hapa ndipo watu wengi huwachinja mapema, na hapa ndipo wengi wangeweza kuokolewa.

Anza na mambo mepesi. Tazama kucha: kwenye waya hazisuguliki, hurefuka na kujipinda mpaka zinamkwaza. Zikate ncha kidogo kidogo, ukisimama kabla ya mshipa wa damu. Tazama nyayo: uvimbe wenye kigaga cheusi katikati ni jipu la unyayo, ambalo huanza na kidonda cha waya au cha fito chakavu. Likiwa dogo, loweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kausha, paka dawa ya kidonda, funga kitambaa safi, na mlaze kwenye maranda makavu. Likiwa limevimba mpaka vidole vimetanuka, usilichokonoe kwa wembe.

Kama kucha na nyayo ni nzima, sababu iliyo karibu zaidi ni upungufu wa kalsiamu, hali ambayo wafugaji huiita uchovu wa keji. Utamkuta amelala ubavu, hawezi kusimama, lakini macho ni maangavu na ukimsogezea chakula anakula. Hiyo ndiyo alama ya kumtofautisha na mgonjwa wa kuambukiza, ambaye huwa amezubaa. Mweke peke yake kwenye boksi lenye maranda mengi, maji na chakula mahali mdomo unapofika bila kuinuka. Mpe chakula cha kuku wa mayai na kalsiamu ya kibakuli cha pembeni. Mgeuze upande mara kadhaa kwa siku asipate vidonda. Wengi huinuka ndani ya siku chache.

Hesabu yake ni rahisi. Kuku anayetaga anahitaji gramu 4 hivi za kalsiamu kwa siku. Akila gramu 110 za chakula cha kuku wa mayai chenye kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, anaifikia. Ukichanganya nusu chakula hicho na nusu pumba ili kubana matumizi, umeikata nusu, na mifupa ndiyo italipa. Makombe ya baharini yaliyopondwa, yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya mifugo, ni bora yakiwa vipande kuliko unga, kwa sababu vipande hukaa tumboni usiku kucha na ganda la yai hutengenezwa zaidi usiku. Maganda ya mayai pia yanafaa ukiyakausha vizuri na kuyasaga yasifanane tena na yai. Yaweke kwenye chombo chake. Usiyachanganye kwenye chakula cha wote, kwa sababu jogoo hatagi, na kalsiamu ya ziada humharibu figo.

Sababu inayofuata ni mfupa uliovunjika, na mara nyingi huvunjika siku ile ya kuhama. Tumezoea kuwabeba kuku kichwa chini, miguu mitano sita kwenye kiganja kimoja. Kuku wa kienyeji atavumilia. Huyu mifupa yake ni miepesi na mikavu, na paja linaweza kukatika ukimvuta tu atoke kwenye mlango wa keji. Mshike kwa mikono miwili, ukifunika mabawa na kuukumbatia mwili. Mweleze hivyo na dereva wa bodaboda. Kidari kilichopinda au chenye uvimbe ni mvunjiko wa zamani, na anaweza kuishi nacho akiwa na fito za chini.

Sababu za mwisho ni za kuogofya. Mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kama aliyepooza, huweza kuwa ugonjwa wa Mareki, wa virusi vinavyopoozesha. Shingo iliyopinda pamoja na kutetemeka inaelekea kideri (ugonjwa wa Newcastle), na nimekieleza mbele.

*Acha, mwite mtaalamu:* mfupa umetokeza nje ya ngozi, mguu unaning'inia, au zimepita siku tatu bila nafuu na ameacha kula. Kama daktari wa mifugo atasema hakuna tumaini, mpe mwisho wa haraka. Kumwacha ajiburute ni ukatili.

Mayai yamekoma, au yanatoka laini

Kabla ya kingine chochote, tafuta vichakani na nyuma ya ndoo. Kuku asiyejua kiota hutaga anaposimama, na mwenzake huweza kulila yai kabla hujaamka.

Kama kweli yamekoma, mara nyingi ni mwanga. Shambani taa huwashwa ili siku iwe na saa 16 za mwanga. Kwetu karibu na Ikweta, uani atapata saa 12 hivi mwaka mzima. Mwili wake unasoma kwamba msimu umeisha, anapukutisha manyoya na kufunga mtago kwa wiki 8 hadi 12. Wapo wanaomfungia balbu bandani ili aendelee. Mimi nakataa kabisa. Hiyo ndiyo mapumziko yake ya kwanza maishani, na ndipo mifupa inapojijenga upya.

Yai laini lisilo na ganda husababishwa zaidi na kalsiamu ndogo, kisha joto kali, kisha mshtuko wa usiku: mbwa, fataki, mwizi. Moja kwa wiki si hoja. Yakija mfululizo hata baada ya wiki mbili za chakula sahihi, au yakiwa na makunyanzi na ute mwepesi kama maji, huenda ni ugonjwa wa njia ya hewa uliogusa mirija ya uzazi, na mtago hauwezi kurudi sawasawa.

Usitegemee aatamie. Silika hiyo imepunguzwa sana katika mbegu hizi.

Amesimama wima, mkia chini, anakamua bila kitu kutoka

Yai limekwama. Hili halisubiri kesho. Vaa glavu, papasa taratibu kati ya kidari na mlango wa kutagia; ukihisi kitu kigumu cha duara, umelipata. Mkalishe kwenye beseni la maji ya uvuguvugu yanayofika tumboni kwa dakika 15 hadi 20, mkaushe, paka mafuta ya mgando mlangoni, mpe makombe na maji, mweke pahali penye giza na joto kiasi. Rudia baada ya saa moja. Usilikamue kwa nguvu na usilivunje likiwa ndani, maana vipande vya ganda hukata.

Kama hakuna yai lakini tumbo limejaa na kubonyea kama puto la maji, na anatembea miguu imetanuka, yai au kiini kimeangukia tumboni na kuleta uvimbe wenye maambukizi. Ugonjwa huu huua kuku wengi wa aina hii hata wakitunzwa vizuri, kwa sababu ya wingi wa mayai waliyoyatoa.

*Acha, mwite mtaalamu:* yai halijatoka ndani ya saa chache, nyama nyekundu imetokeza nje, au tumbo limejaa maji. Nyama ikitoka nje mtenge mara moja, kwani wenzake wataidonoa hadi matumbo yatoke.

Yuko uchi, ngozi nyekundu

Waliotoka keji karibuni huwa hivi kwa kusuguana na waya na kudonolewa. Wakipukutisha, utaona vishina vya manyoya mapya vikichomoza. Vina damu ndani, vinauma, usiwashike hovyo. Waongezee protini: dagaa waliokaushwa bila chumvi nyingi, mashudu ya alizeti, mchwa ukiwapata. Kivuli ni lazima, ngozi tupu huungua na jua. Uingereza watu wamewahi kuwafumia kuku kama hawa sweta. Kwetu zingewachemsha na kuwafichia chawa.

Kama manyoya hayarudi baada ya miezi mitatu, tafuta wadudu. Fukua manyoya karibu na mlango wa kutagia: mayai ya chawa hushikamana kama vifurushi vyeupe shinani. Utitiri mwekundu hujificha mchana kwenye nyufa na kunyonya usiku, kwa hiyo ingia bandani na tochi saa mbili au tatu usiku, ukague chini ya fito. Viroboto vyeusi huganda usoni na kwenye upanga. Vipake mafuta ya mgando vikose hewa. Magamba ya miguu yaliyonyanyuka ni utitiri mwingine, nao hutibiwa kwa mafuta hayo hayo kwa wiki kadhaa. Watengenezee pa kuogea: mchanga mkavu na majivu ya kuni. Banda lisafishwe, nyufa zizibwe.

Usimpulizie dawa ya mazao wala ya mbu. Zipo dawa za kuku kwenye maduka ya mifugo. Soma kipimo, na ulize mayai yasiliwe kwa muda gani.

Kudonoana, na shida ya jogoo

Nafasi ndogo na chombo kimoja cha chakula ndivyo vichochezi vikubwa. Ongeza vyombo, weka vizuizi vya kujifichia, ning'iniza fungu la mchicha. Kuwachanganya na wenyeji kufanyike kupitia wavu kwanza, waonane kwa wiki nzima, halafu wachanganywe jioni. Kusukumana ni kawaida. Damu si kawaida: mtoe aliyejeruhiwa papo hapo, safisha, asirudi mpaka kidonda kikauke.

Jogoo hatoki kwenye keji. Vifaranga dume wa mbegu za mayai kwa kawaida huuawa au huuzwa mapema, kwa hiyo jogoo wako atatoka kwingine. Asije kabla manyoya ya mgongo hayajarudi, maana anapopanda hushika kwa kucha na kuchana ngozi tupu. Jogoo mmoja kwa mitetea 8 hadi 10 anatosha. Ukiwa na majike watatu tu, bora usiwe na jogoo, mayai yatapatikana bila yeye. Chagua mwepesi na mpole. Kuchi, ile mbegu ya kuku wakubwa, ni mzuri wa kutazama lakini uzito na ukali wake haufai hapa. Misumari ya miguu iliyochongoka isuguliwe kwa tupa, ncha tu. Majogoo wawili katika ua mdogo ni ugomvi wa kila asubuhi. Na jogoo anayemrukia mtoto usoni asibaki, hata kama anapendwa.

Kinyesi kimebadilika

Cha kawaida ni kahawia chenye kofia nyeupe, na kila baada ya kadhaa hutoka cha rangi ya chokoleti kinachonata na kunuka. Hicho usikiogope. Cha majimaji siku ya joto ni maji aliyokunywa. Kikiendelea huku akikonda ingawa anakula, fikiria minyoo, kwa sababu udongo ni mgeni kwake. Mpe dawa ya minyoo baada ya wiki mbili tatu, kisha kila miezi mitatu.

Chenye damu ni hatari. Kuku wa waya hakugusana na kinyesi, hivyo huenda hakujenga kinga dhidi ya koksidia, vijidudu vya utumbo. Maranda yakilowa ugonjwa hushika haraka, hata kwa kuku mzima. Kausha banda siku hiyo hiyo na upeleke sampuli ya kinyesi kwa mtaalamu kabla ya kununua dawa. Kinyesi cha njano au kijani pamoja na upanga uliopauka na kiu kali huweza kuwa homa ya matumbo ya kuku.

Anakoroma, uso umevimba, au wanakufa ghafla

Chafya chache kwenye vumbi, ondoa vumbi. Uso ukivimba na pua kutoa ute unaonuka, ni mafua ya kuku. Hutibika, lakini dawa ichaguliwe na daktari, na aliyepona huweza kuendelea kuwaambukiza wengine.

Kideri hakina tiba. Dalili ni kuzubaa, kuharisha kijani, kukoroma, shingo kupinda, na vifo vya wengi ndani ya siku chache. Kinga ni chanjo tu. Chanjo ya I-2, inayovumilia joto, hutolewa tone moja kwenye jicho na hurudiwa kila miezi mitatu. Wanaougua tayari hawachanjwi. Changieni chupa moja na majirani, kwa kuwa ina dozi nyingi kuliko kuku wako.

*Acha kila kitu, toa taarifa siku hiyo hiyo* kwa afisa mifugo wa kata wakifa wawili au zaidi kwa mfuatano, au upanga na ndevu (nyama zinazoning'inia chini ya mdomo) vikigeuka zambarau. Huenda ni mafua makali ya ndege, ambayo huwapata na watu. Usichinje wagonjwa, usile, usiuze, usimpe jirani. Funika pua na mdomo, vaa glavu, subiri maelekezo ya namna ya kufukia.

Ukipiga simu kwa mtaalamu, uwe na haya mkononi: kuku wangapi, walifika lini, chanjo ya mwisho, wanakula nini na kiasi gani, dalili ilianza na yupi, kinyesi cha leo kikoje, na dawa yoyote uliyokwisha kuwapa, hata kama ni ya mitishamba. Akikuandikia dawa, muulize mayai yatupwe kwa siku ngapi, na uandike tarehe kwenye mlango wa banda ili kila mtu nyumbani aione.